Bibi alipiga muheme, tuandike nini kwenye kaburi lake?

Fundi wa makaburi alituuliza swali moja tu, kalamu mkononi: "Mnaandika nini?"

Tulikuwa tumesimama uani kwa marehemu bibi yangu mzaa mama, katika kijiji kimoja upande wa Mvumi, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Ilikuwa Julai, na ule upepo wa baridi wa Dodoma unaokausha midomo ulikuwa unavuma tangu asubuhi. Kibao cha marumaru kilikuwa na nafasi ya mistari sita. Jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki na aya ya Biblia vilikwishachukua mitano. Ulibaki mmoja.

Mjomba mkubwa akasema, "Andika: Mama, bibi na mkulima hodari."

Mama yangu akasema, "Andika: Alipiga muheme."

Watu wakanyamaza. Fundi akarudisha kalamu mfukoni, akasema atapita kesho.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimezoea kuandika kuhusu chanjo, lishe na foleni za zahanati. Safari hii niliichukulia kuwa ya kifamilia tu: tunakwenda kujengea kaburi, tunakula pamoja, tunarudi. Lakini swali la yule fundi lilinikalia kichwani, na nadhani kila mzazi mwenye mzee nyumbani ataulizwa swali hilo siku moja.

Saa nne za treni

Tulitoka Dar es Salaam asubuhi kwa treni ya umeme, mimi, mama na binti yangu wa miaka minne. Tangu treni hiyo ianze safari za Dodoma mwaka 2024, kwenda kwetu kumekuwa jambo la saa nne hivi, si ile siku nzima ya basi niliyoizoea nikiwa mwanafunzi. Tulipita Morogoro, tukaingia kwenye mahandaki ya Kilosa ambako mtoto alipiga kelele kila giza lilipoingia, kisha nchi ikaanza kubadilika. Kijani kikaisha. Ikaja ardhi nyekundu, miti ya miiba, mibuyu iliyosimama peke yake na mashamba ya mtama na uwele yaliyokwisha kuvunwa.

"Bibi wa Dodoma alikuwa anafanya kazi gani?" mtoto aliuliza.

Nilitaka kujibu kuwa alikuwa mkulima. Mama akanitangulia. Hakusema neno. Alianza kupiga kile kimeza cha treni kwa viganja, taratibu, mkono wa kushoto ukienda njia yake na wa kulia njia yake. Abiria wa mbele yetu akageuka kutazama. Mtoto akajaribu kuiga, akapotea, akacheka.

"Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake," mama alisema.

Niliona aibu. Mwaka uliotangulia, bibi alipofariki akiwa na miaka 77, mimi ndiye niliyechapa wasifu wa marehemu uliosomwa kanisani. Niliandika alizaliwa lini, aliolewa lini, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi, kwamba alikuwa mkulima na Mkristo mwaminifu. Niliandika hata ugonjwa uliomwondoa, shinikizo la damu, kwa kuwa ndiyo mambo ninayoyajua. Muheme sikuutaja. Haukunijia kabisa.

Ngoma ya akina mama

Kwa msomaji asiyeujua, muheme ni ngoma ya Wagogo ambayo kwa desturi hupigwa na wanawake. Mpigaji huibana ngoma kati ya mapaja, akaipiga kwa mikono miwili huku mwili wote ukicheza. Ipo ngoma kubwa inayoongoza, na zipo nyingine zinazoshika mapigo yao, kila moja na lake. Mapigo hayo yakikutana ndipo muheme unapopatikana. Mmoja akikosea, wote wanasikia.

Bibi alishika ngoma kubwa. Mama anakumbuka akiwa mdogo alivyolazwa kwenye mkeka pembeni, akalala, akaamka usiku wa manane na kukuta bado wanapiga.

Nikiwa mtu wa habari za afya sikuweza kuacha kufikiria nyonga, magoti na kiuno cha mwanamke anayefanya kazi hiyo kwa saa kadhaa, tena baada ya kushinda shambani. Miaka yake ya mwisho bibi alilalamika sana magoti. Sisi tulisema ni jembe. Hakuna aliyemuuliza kama ni ngoma.

"Wagogo tunaye Hukwe"

Mjomba mkubwa si mtu wa kupuuza mambo. Jioni ile, tukila ugali wa uwele na mlenda, alieleza kwa nini hakuutaka ule mstari.

"Mwanangu," aliniambia, "kama ni Mgogo wa kuenziwa kwa muziki, tunaye Hukwe. Huyo dunia inamjua. Mama yetu alipiga hapahapa kijijini na wenzake. Ngoma haipigwi na mtu mmoja. Ukiandika jina lake, wale wengine utawaweka wapi?"

Hukwe aliyemtaja ni Dk Hukwe Zawose, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1938, bingwa wa zeze na ilimba, aliyeitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere na baadaye akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alipiga muziki wa Wagogo katika majukwaa ya Ulaya, Asia na Marekani, akaacha albamu kama Chibite na Assembly. Alifariki Desemba 2003. Anastahili kila heshima aliyopewa, na hakuna Mgogo atakayebisha.

Lakini mfano wake una upande wa pili. Katika familia hiyo ya Zawose, wanawake waliimba na kucheza miaka yote hiyo, zaidi wakiwa waitikiaji. Ilipofika mwaka 2024 ndipo Pendo Zawose, binti yake Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, walipotoa albamu iitwayo Maisha kwa jina la The Zawose Queens, wao wakiwa mbele. Ni zaidi ya miaka 20 baada ya mzee kufariki. Sauti zilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuziuliza majina.

Nilimweleza mjomba hivyo, kwa adabu. Akatikisa kichwa, akasema, "Sawa. Lakini hujajibu. Wale wengine?"

Kwa kweli sikuwa na jibu. Hata sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inaziona nyimbo na ngoma za jadi kuwa mali ya jamii, si ya mtu mmoja. Hilo ni zuri, linazuia mjanja mmoja kujimilikisha wimbo wa mababu. Ila lina hatari yake. Kitu kikiwa cha wote, ni rahisi kusahau kwamba kuna watu fulani, wenye magoti na majina, waliokibeba wakati wengine wamelala.

Jambo ambalo hatukutaka kulisema

Baada ya chakula mjomba alinivuta pembeni.

"Kuna jingine," alisema. "Wewe unaandika gazetini kupinga ukeketaji. Unajua muheme ulikuwa unapigwa wapi?"

Nilijua, lakini sikuwa nimekubali kulijua kwa habari ya bibi yangu. Zamani muheme uliambatana na sherehe za kuwatoa wasichana, na katika sherehe hizo wasichana walikeketwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa mkoani Dodoma asilimia 47 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, mkoa wa pili baada ya Manyara. Sheria imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998. Takwimu hizo nimeziandika mara nyingi. Sikuwahi kufikiria zilikuwa na mpiga ngoma, na kwamba mpiga ngoma huyo alinifundisha kupepeta.

Basi, tutaandika nini? Tumsifu kwa ngoma na kunyamazia kisu? Au tumnyime hata mstari mmoja kwa sababu ya kisu?

Asubuhi mama alisema, "Twende kwa mwenzake."

Mwenzake ni bibi mmoja wa miaka zaidi ya 80, aliyebaki peke yake katika wale waliopiga pamoja. Tulimkuta ameketi juani kwenye kigoda. Mama akamwamkia, "Mbukwenyi," naye akaitambua sauti kabla ya uso, kwa sababu macho yake yote mawili yana ukungu. Binti yangu alikaa karibu na miguu yake. Tulipomweleza kilichotuleta, alikaa kimya muda mrefu.

"Tulipiga kwa nguvu pale mtoto alipolia," alisema. "Ndiyo kazi tuliyopewa. Bibi yako alipiga kwa watoto wa wenzake, akapiga na kwa wake."

Mama alikuwa ameinamisha macho chini. Ameniruhusu kuandika hili, na ameusoma ukurasa huu kabla yenu.

Kisha bibi yule akatueleza jambo ambalo mama alilijua nusu, na mimi sikulijua kabisa. Zamu ya mama mdogo ilipofika, damu haikukatika. Alibebwa kwa baiskeli usiku kupelekwa hospitali, na alfajiri alikuwa hai. Bibi aliporudi nyumbani aliichukua ngoma yake kutoka ilipohifadhiwa na zile nyingine, akaiweka chumbani kwake. Akasema haitapigwa tena penye kisu.

"Hakuhutubia mtu," bibi yule alisema. "Alikataa tu. Walikasirika. Mwaka ule hawakumwita hata kwenye harusi. Wakatafuta mwingine wa kushika ngoma kubwa, lakini haikuwa muheme, zilikuwa kelele. Halafu mmoja wetu naye akakataa. Halafu mwingine. Mimi nilichelewa, nisiseme uongo. Nilikuwa wa nne."

Sisemi kwamba ngoma iliyofichwa chumbani ndiyo iliyokomesha ukeketaji katika kijiji kile. Sheria, shule, kanisa na wahudumu wa afya wamefanya kazi kubwa, na kazi haijaisha. Ninachosema ni kwamba neno la bibi lilikuwa na uzito kwa sababu alikuwa mpigaji bora. Angekuwa mpigaji wa kawaida, angekataa na sherehe ingeendelea bila yeye.

Mimi sikukeketwa. Siku zote niliamini ni kwa sababu nilizaliwa Dar es Salaam.

Bibi aliirudisha ngoma yake uwanjani baadaye, kwenye harusi, kwenye mavuno na katika kupokea wageni. Hapo ndipo mama mdogo alipoanza kujifunza kwake. Naye ndiye aliyemfundisha mama kutulia kwenye pigo la mkono wa kushoto, lile lililosikika ndani ya treni.

Majina saba

"Sasa mtaandika yeye peke yake?" bibi yule aliuliza.

Nikamwambia ndilo swali la mjomba. Akanyoosha mkono hewani, akaanza kuonyesha nafasi, kama mtu anayepanga vyungu jikoni. Hapa ngoma kubwa. Kulia kwake nani, aliyekuwa na mkono mzito. Kushoto nani, aliyefariki kwa uzazi. Nyuma yao nani na nani, dada wawili waliogombana wakiwa nyumbani lakini kwenye ngoma hawakupishana hata pigo moja. Aliyepuliza filimbi. Aliyeanzisha nyimbo. Mwisho akajigusa kifua.

Majina saba. Niliyaandika kwenye daftari langu la kazi, katikati ya dondoo za semina ya malaria. Siyachapishi hapa kwa sababu sijaomba ruhusa kwa familia zote, lakini yapo, na sasa yako mahali zaidi ya kichwa cha mtu mmoja.

Nilimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza majina hayo. Alisema wamewahi kuja watu kupiga picha ngoma.

Mstari wa sita

Fundi alirudi saa kumi. Mjomba ndiye aliyemjibu. Sikumwambia lolote, mama alikuwa ameshazungumza naye, kaka na dada, wakiwa wawili tu nyuma ya nyumba.

"Andika: Alipiga muheme na wenzake."

Fundi akahesabu herufi kwa vidole, akasema zinaenea.

Usiku ule tuliketi uani na familia tulizoweza kuzipata za wale wanawake. Mjomba, ambaye ni mzee wa kanisa na anayeheshimiwa, alisoma yale majina saba kutoka kwenye daftari langu, moja baada ya jingine. Kila jina liliposomwa kuna mtu alisema "ni mama yetu" au "ni bibi yetu." Wajukuu wengine walikuwa hawajui kwamba bibi zao waliwahi kushika ngoma. Kijana mmoja wa bodaboda alimwomba mjomba arudie jina la bibi yake, akalirekodi kwa simu.

Wasifu wa bibi nimeuandika upya. Nimeongeza sentensi tatu. Kwamba alishika ngoma kubwa ya muheme kwa miaka mingi. Kwamba aliipiga katika sherehe ambazo watoto waliumizwa, wakiwamo wake. Kwamba alikuwa wa kwanza katika kundi lake kukataa. Nimezisoma mara nyingi na sioni ya kuondoa. Nikiiondoa ya pili, ya tatu haina maana.

Kwa mzazi mwenzangu

Nimerudi kutoka Dodoma nikiamini kwamba swali la nani anastahili kukumbukwa katika muziki wa jadi haliishii kwa viongozi wa utamaduni na watoa tuzo. Wao watamwona aliyefika jukwaani, na wana haki ya kumtuza. Waliobaki kijijini wanategemea sisi watoto na wajukuu wao.

Ukikaa na mzee wako wikendi hii, usimuulize tu wimbo. Wimbo utaimbwa na wengine. Muulize alikuwa akiimba na nani, nani alimfundisha, na yeye amemfundisha nani. Muulize wimbo au ngoma ile ilikuwa kwa ajili ya nini, na kama kuna wakati alikataa kuipiga. Rekodi kwa simu, kwa ruhusa yake, na uandike majina kwenye karatasi, kwa sababu simu hupotea. Akikwambia jambo linalouma, usimkatishe, wala usilipambe.

Mpeleke na mtoto. Kama huna mzee wa kumtembelea, Chamwino hufanyika tamasha la muziki wa Cigogo, mara nyingi mwezi Julai, ambako vikundi vya vijijini hupiga mbele ya watoto wa shule na wageni. Ukifika, baada ya kupiga picha, uliza majina.

Na heshima ianze mzee akiwa hai. Ukungu niliouona machoni mwa yule bibi ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza kwa kuwapofusha wazee duniani, na mara nyingi upasuaji mfupi hurudisha kuona. Alikuwa amekubali kwamba ni uzee. Fedha tulizochanga zilibaki kidogo baada ya kumlipa fundi, na hapakuwa na ubishi juu ya matumizi yake.

Jumatatu, siku ya kuondoka, tulimpeleka hospitali kupimwa macho. Binti yangu alikaa kwenye benchi akipigapiga mapaja yake kwa viganja. Mhudumu alikuwa anajaza fomu: jina, umri, kijiji. Alipofika kwenye kazi, aliandika "mkulima" bila kuuliza, kama nilivyofanya mimi.

Bibi yule hakuweza kuona kilichoandikwa. Lakini alisikia kalamu ikienda.

"Umeandika nini hapo?" aliuliza.

Mhudumu akamwambia.

"Ongeza muheme," alisema.